Kuku Wawili Waliofika Msibani Overport

Kifaranga wa siku moja hana njaa. Anatoka kwenye yai akiwa na akiba tumboni, na akiba hiyo inamtosha kwa muda. Anachotaka kwanza ni joto, halafu maji, na maji yenyewe hajui kuyatafuta. Kwa hiyo unamshika, unamchovya ncha ya mdomo kwenye chombo, unasubiri ameze, unamwachia. Fanya hivyo kwa wachache katika kila boksi, wengine wataiga. Najua wapo watakaocheka nikianza hapa, lakini mliniomba niandike juu ya kazi, na kazi yangu ndiyo hiyo. Nimewafundisha kuku kunywa maji mpaka nikazeeka.

Swali lenyewe lilitoka kwenu, vijana mliokaa nyuma katika kikao chetu cha Jumamosi kule Berea. Mlitaka kujua mtu akifika Durban bila cheti aanzie wapi. Nadhani mlitegemea niseme simu au saluni, kwa kuwa ndiko mlikojazana. Sina ugomvi na simu wala saluni. Ila kazi niliyoijua mimi ni moja, katika duka la vyakula vya mifugo na vifaranga huko Jacobs, lililobanwa kati ya kiwanda cha rangi na karakana ya malori, na niliifanya mpaka magoti yaliposema basi. Msitegemee mpangilio, maana mambo yenyewe hayajapangika kichwani mwangu.

Nilipofika pale nilijiona bingwa. Mimi ni mtu wa Singida, na Mtanzania yeyote atawaambia kuku wa Singida wana sifa gani. Nikamwambia mwenye duka kwamba kuku nimezaliwa nao. Hakubisha. Alinipeleka nyuma, kwenye banda la kuonyeshea wateja, nikakuta kuku weupe wa nyama wamekaa wananitazama. Nikapiga makofi wakimbie, niuone mwendo wao. Hawakukimbia. Mmoja alisimama, akafikiri, akakaa tena.

“Hao wa kwenu wanajilea,” mwenye duka akaniambia. “Hawa ni mkate. Ukiiva unautoa. Ukiuonea huruma ukauacha ndani, umeuunguza.”

Alikuwa Mhindi wa Kitamil, mrefu, mkavu, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Hapa Durban Mhindi aliyekuzidi umri unamwita Uncle, nasi tulimwita Uncle tu, bila kuongeza jina, kana kwamba mji mzima ulikuwa na mmoja. Maneno yake niliyaelewa baada ya kuyaona kwa macho. Kuku wa nyama huwa tayari kwa wiki sita hivi. Baada ya hapo anaendelea kula, tena kwa bidii, lakini kinachoongezeka ni uzito ambao miguu yake haiuwezi. Anaanza kuchechemea, halafu anakaa moja kwa moja, halafu moyo unasimama. Kuku wa Singida anaweza kukungoja mwaka mzima juu ya mti. Huyu hangoji mtu.

Ndiyo maana Uncle alikuwa na maswali yake mawili. Mteja akija kununua vifaranga, kabla ya kumwonyesha boksi anamuuliza, “Kuku hawa, nani atawala?” Akishajibiwa anauliza, “Siku gani?” Wageni walidhani mzee ana kasoro. Wakulima wadogo wa kule milimani walijua maana yake. Walaji wao wakubwa ni wazee wanaopokea pensheni ya serikali. Siku ya pensheni wazee hujipanga nje ya ukumbi wa kijiji tangu asubuhi, wachuuzi nao wanatandaza vitu vyao pembeni, na bibi akishapokea chake anarudi nyumbani na mboga, sabuni na kuku mzima kwapani.

Basi Uncle anaikabili kalenda ukutani, anaweka kidole kwenye siku ya pensheni, anarudi nyuma wiki baada ya wiki mpaka anafika Alhamisi fulani, kwa kuwa vifaranga wetu walitoka kwenye kituo cha kutotolesha kila Alhamisi. “Hii ndiyo Alhamisi yako,” anamwambia mteja. “Kabla ya hapo sikuuzii.” Nimeona watu wakikasirika na kwenda duka jingine. Nimeona pia wengi wao wakirudi.

Dereva wetu alikuwa Déo, Mkongo wa Bukavu, mtu wa huruma kupita kiasi. Huruma hiyo ilitugharimu. Wiki zake za mwanzo alipeleka vifaranga bara, jua kali, akawaona wamefungiwa kwenye maboksi akasikitika. Akafungua madirisha yote ya gari wapate hewa, akakanyaga mafuta. Alipofika, vifaranga walikuwa wamelundikana kona moja kwa baridi ya upepo, na wa chini walikuwa wamekufa.

“Papa Hamisi, mimi nilionaka batoto iko na joto sana, nikafungula madirisha,” alinieleza, mikono kichwani. “Nilifanya kwa huruma, vraiment.”

Uncle hakufoka. Alimwaga maranda kwenye sakafu ya gari, akamwambia Déo avue shati na alale pale kifudifudi, halafu akamwelekezea feni kubwa ya ghala. Akaendelea na kazi zake. Déo alipoinuka alikuwa anajikunyata, maranda yamemganda kifuani, na hakuna aliyehitaji kumweleza zaidi. Tangu siku hiyo aliendesha madirisha yamefungwa, jasho linamtiririka, akililaani joto la Natal kwa Kifaransa kutoka Jacobs hadi mwisho wa lami.

Sasa nifike kwenye habari ya vocha, maana nimeona vijana mnapenda kusema msaada wa serikali haujawahi kumfikia mtu. Ulifika. Shida ilikuwa namna ulivyofika.

Tulikuwa na mteja wa miaka mingi, mwanamke wa Kizulu tuliyemwita MaKhumalo, kwa jina la ukoo wa baba yake, kama wanavyoitwa wanawake walioolewa huko. Mjane huyo anakaa kwenye milima ya ndani, mahali ambapo lami inaisha na Déo anaanza kumwomba Mungu. Banda lake alilijenga mwenyewe kwa mabati ya zamani, na kuku wa banda hilo ndio waliowavalisha wajukuu wake sare za shule. Mimi na yeye tuliongea Kizulu, changu kikiwa kibovu na chake cha kunivumilia. Hapa nayaweka kwa Kiswahili.

Janga la korona lilipoingia na nchi ikafungwa, kuku wake walikuwa wameiva. Siku ya pensheni polisi waliwafukuza wachuuzi wote, wasisogelee foleni. Akagawa kwa majirani kadiri alivyoweza, na waliobaki akawatazama wakikaa chini mmoja mmoja. Alinisimulia hayo kwa simu, kwa sauti ileile anayoagizia dawa ya kuhara ya vifaranga. “Banda nimelifagia, baba,” alimaliza. Nikamwambia tu asalimie wajukuu.

Baada ya miezi kadhaa msaada ukaja. Wale wakulima wadogo hawakupewa pesa mkononi, walitumiwa vocha kwenye simu. Ujumbe unaingia na namba, mkulima anakuja na namba hiyo kwenye duka lililoidhinishwa, nasi tunampa vifaranga, chakula chao na dawa. Duka letu lilikuwa mojawapo. Namba ikishaingizwa kwenye kompyuta, vocha imekwisha. Isipoingizwa kabla ya mwisho wa mwezi, imekufa. Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, sina neno. Lakini ujumbe uliwafikia watu wa wilaya nzima wiki moja, na hilo ni jambo ambalo mtu asiyeuza kuku hawezi kuliona kama tatizo.

Uncle aliliona hata kabla hajavua miwani. Wote wakichukua vifaranga wiki moja, kuku wote wataiva wiki moja, na foleni ya pensheni ni ileile, ya wazee walewale, kila mmoja na sufuria yake moja. MaKhumalo alikuja dukani na wenzake watatu wa ukumbi mmoja, barakoa usoni, simu mkononi, wamechangamka. Uncle akawauliza maswali yake.

“Tutawala wenyewe,” akasema mmoja, jirani yake MaKhumalo aitwaye Thandeka, mwanamke wa maneno.

“Wote?”

Thandeka aliangalia maboksi, akaanza kuyahesabu.

Ndipo Uncle akatoa shauri. Namba zote nne ziingizwe siku hiyohiyo, zisife. Lakini vifaranga wachukue kwa zamu, kila mmoja na pensheni yake, na zamu ya mwisho iwe ya kuku wa Krismasi. Chakula nacho kibaki ghalani kwetu, maana kikikaa kule miezi kinaota ukungu. Sheria ilisema mkulima akabidhiwe vifaranga wake, haikusema wote wakabidhiwe asubuhi moja. Uncle aliisoma hivyo na mimi sikubishana naye.

Wazo lenyewe halikuwa geni kwao. Déo angeliita likelemba, sisi tunaita upatu, na wao wana vikundi vyao vya namna hiyo tangu enzi za bibi zao. Kilichokuwa kigeni ni kuacha haki yako mikononi mwa Mhindi wa Jacobs na mtu wa kutoka Tanzania. Walisogea kando kushauriana, wakasahau kwamba Kizulu nakisikia.

“Hhayi, wakifunga duka je?” Thandeka alikuwa akisema. “Namba imeliwa, mkononi huna kitu. Utamwendea nani?”

MaKhumalo aliwasikiliza mpaka walipomaliza. Kisha akarudi kaunta peke yake.

“Hawa watatu watangulie,” akasema. “Mimi nitakuwa wa mwisho.”

Zamu ya mwisho ilikuwa na soko nono kuliko zote, hilo kila mtu alilijua. Lakini ilikuwa pia zamu ya kukaa miezi na banda tupu, vocha imeshaliwa, ukitegemea neno la mzee mmoja. Alijitwisha hatari hiyo ili wenzake waamini. Uncle akamgusa kiwiko kwa kiwiko, kwa kuwa kupeana mikono kulikatazwa, akamwambia, “Alhamisi yako naijua.” Hakukuwa na zaidi ya hapo.

Zamu zikaenda vizuri. Kwingineko wilayani kuku wa vocha waliiva pamoja, na Déo aliporudi kutoka safari zake alikuwa akisimulia vibao vya kuuza kuku barabarani, kila geti kibao chake, na hakuna gari linalosimama. Wanawake wetu watatu waliuza kila mmoja kwa wakati wake. Thandeka, aliyekuwa wa tatu, alibakiza wachache tu baada ya pensheni ya mwezi wa kumi na moja.

Thandeka akiwa bado analea wake, Uncle akaanza kukohoa. Akalazwa, na hospitali hatukuruhusiwa kuingia. Alipofariki walimchoma kwa desturi yao, watu wakiwa wachache, na sisi wa dukani tuliangalia kwenye simu ya Déo, picha ikikatika kila mara. Nilimlilia. Nasema hivyo kwa sababu vijana mnadhani mtu hawezi kumlilia bosi.

Duka likamwangukia mwanawe, Niren, aliyekuwa akifanya kazi ya kompyuta kwenye maofisi ya Umhlanga. Kijana mpole, hana baya na mtu. Alikuwa na msiba mkononi, na juu ya msiba duka asilolijua hata kidogo. Nilipomweleza habari ya MaKhumalo alifungua kompyuta akanigeuzia.

“Uncle Hamis, huyu ameshachukua. Angalia. Mwezi wa saba.”

“Hajachukua hata kifaranga mmoja.”

“Hapa inasema amechukua. Nikimpa leo na wakaguzi wakaja, nitawaambia nini? Kwamba tunatoa mara mbili?” Akafuta uso kwa kiganja. “Baba hakuniambia kitu. Tungoje siku kumi na sita ziishe, tutakaa tuzungumze.”

Katika nyumba yao mtu akifariki familia hukaa siku kumi na sita bila kuchinja wala kula nyama, hadi sala ya mwisho. Niliiheshimu. Tatizo ni kwamba Alhamisi ya MaKhumalo ilikuwa katikati ya siku hizo. Ikipita, kuku wake wangeiva baada ya Krismasi, watu wameshiba na hawana hamu ya kuona kuku tena. Wajukuu wangeanza mwaka na sare za mwaka juzi. Na maneno ya Thandeka pale kando yangekuwa kweli, mbele ya wanawake walioamini kwa sababu MaKhumalo aliamini.

Déo alikuwa akinisubiri nje. “Anasema nini?”

“Anasema tungoje.”

“Lakini kuku iko inangoja mutu, Papa?”

Nikampigia MaKhumalo kumpa habari ya kifo. Akanipa pole. Kisha akauliza nyumba ya marehemu iko wapi. Nikamwambia Overport, nikamtajia na barabara. Hakugusia vifaranga, nami sikuwa na ujasiri wa kuwagusia. Nilidhani anataka kumwombea tu, na mtu akiomba anapenda kujua mahali.

Msiba wakati ule ulikuwa wa getini. Unasimama nje na barakoa yako, unasema pole, unaondoka, mwenzako anasogea. Siku ya tatu nilikuwa pale na Niren, ananiuliza hiki na kile cha dukani, nilipoona taxi, ile daladala ya huku, imesimama kwenye taa za robot kule chini. Wakashuka wanawake wawili, vilemba vyeusi kichwani, wakaanza kupanda mlima taratibu. Nilimtambua MaKhumalo kwa mwendo na Thandeka kwa mdomo, maana alikuwa anaongea njia nzima. Kila mmoja alikuwa na kuku mzima kwapani, miguu imefungwa kitambaa.

Kwao kwenda msibani mikono mitupu ni aibu, na kuku hai ni heshima kubwa. Unamkabidhi, nyumba inamchinja, wafiwa wanakula, nawe umeshiriki. Na hapa ilikuwa nyumba ambayo kwa siku kumi na tatu zaidi hata yai lisingevunjwa. Mimi Mwislamu niliyesimama katikati yao ndiye pekee niliyejua pande zote mbili, na sikuwa na muda wa kumwonya yeyote.

Niren aliwaona, akanigeukia. “Uncle Hamis, hao kuku…”

“Wapokee.”

“Hatuwezi. Mama akiona…”

“Wapokee, Niren. Watu wametoka mbali.”

Akanyoosha mikono. Niren hakujua kumshika kuku, alimbeba kama anayebeba redio. MaKhumalo alipiga goti kidogo, akasema naye kwa Kizulu cha polepole, ambacho Niren alikielewa kama mtoto yeyote wa Durban.

“Baba yako alituwekea siku zetu. Tumekuja kumshukuru. Kuku huyu niliyekuletea si wangu, nimemwazima kwa Thandeka. Wangu bado hawajafika.”

Nataka mnielewe. Hakuwa anadai. Kwao unapomletea marehemu kitu unasema kimetoka wapi, usije ukaonekana umejivika sifa ya mwenzako, naye alisema ukweli kama ulivyokuwa. Thandeka alitikisa kichwa kuthibitisha kwamba kuku ni wake, jambo ambalo nadhani lilimpendeza. Niren akasema asante, akasema tena. Wakatelemka kuwahi taxi ya kurudi kabla haijajaa.

Kuku wakabaki Overport, kwenye ua wa saruji, kati ya kamba ya nguo na gari la marehemu. Kuchinja haiwezekani. Kuwarudisha ni tusi. Nikamshauri Niren awauze, mama yake akakataa katakata, kitu cha msibani hakiuzwi. Basi wakawa wanalishwa, na mlishaji alikuwa Niren, kwa sababu mama hakutaka hata kuwasogelea.

Simu ya kwanza ilikuja asubuhi iliyofuata. “Wanakula nini hawa?” Nikamwambia achukue chakula cha kumalizia, kile cha kuku waliokaribia kuiva, dukani kwake mwenyewe. Simu ya pili ilikuwa ya malalamiko. “Wanakula mchana kutwa. Hawana kazi nyingine?” Nikamjibu hawana. Baada ya siku mbili tatu akapiga tena, sauti imebadilika.

“Uncle Hamis, mmoja hasimami.”

Nikapanda Overport. Nilimkuta amechuchumaa uani na shati lake la ofisini, ameinamisha kibakuli cha maji mbele ya mdomo wa kuku. Alikuwa amewajengea kivuli kwa boksi la kompyuta. Kuku alikunywa, akala kila alichosogezewa, akatutazama kwa macho mazima kabisa. Miguu tu ndiyo ilikataa.

“Ana ugonjwa gani?”

“Hana ugonjwa. Siku yake imepita.”

“Siku ya nini?”

“Ya kuliwa.”

Alimsogezea kuku kibakuli tena. “Kwa hiyo kuku yupo, mzima, ameiva,” akasema polepole, “ila hakuna wa kumla.”

“Ndiyo. Na wewe unao wawili. Wilaya nzima ilikuwa na mabanda yamejaa hivihivi.”

Nikamweleza yote tangu mwanzo, zamu, wanawake kando ya kaunta, kiwiko. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa anamtazama kuku, na macho yake yalikuwa yamelowa.

“Nilipokuwa mdogo nikija dukani nilikuwa naona haya,” akasema. “Baba anawauliza watu nani atawala. Nilidhani anawachokoza.” Akaweka kibakuli chini. “Alhamisi ya yule mama ni lini?”

“Keshokutwa.”

Akapiga simu kwenye kituo cha vifaranga palepale, amechuchumaa. Kuhusu kompyuta, aliwaandikia wahusika kuwaeleza mpango ulivyokuwa. Sijui walimjibu nini, na mpaka nastaafu sikumuuliza.

Mwisho wa biashara ile niwape sasa hivi, msihangaike. Kuku wa MaKhumalo waliiva wakati wa Krismasi, na banda lilikuwa tupu kabla watu hawajaanza kupika. Sare zilishonwa. Duka bado lipo Jacobs, na Niren ndiye mwenyewe. Anauliza maswali yaleyale mawili, kwa sauti ya mtu wa kompyuta, na wateja wapya wanamwona ana kasoro. Déo macho yameanza kumsumbua, kwa hiyo anatafutwa dereva, na wa kunirithi mimi hajapatikana wa kudumu. Mkienda, nendeni mapema, nguo ziwe za kuchafuka. Msimwambie kuku mmezaliwa nao.

Ila ninayoikumbuka ni Alhamisi yenyewe. Tulifika milimani kabla ya saa nne, Déo ameloa jasho, madirisha yamefungwa, vifaranga wanapiga kelele nyuma, na kelele ya namna hiyo ni dalili nzuri. MaKhumalo alikuwa amelipasha banda joto kwa jiko la mkaa tangu alfajiri. Maranda mapya, vyombo vimepangwa. Thandeka alikuwa amekuja kushuhudia, amesimama mlangoni mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kusema.

Tukateremsha maboksi. MaKhumalo akapiga magoti, akafungua la kwanza, akachukua kifaranga, akamchovya mdomo kwenye maji. Alipokuwa anasubiri ameze akaniuliza bila kuinua uso, “Wale kuku wa msibani, nyumba iliwala vizuri?”

Hilo ndilo swali nililoliogopa njia nzima. Kwao kuku wa msiba asiyechinjwa ni kuku aliyekataliwa, na aliyekataliwa ni aliyemleta. Déo akageuka kuangalia milima. Ningeweza kudanganya, na nilishaandaa uongo wenyewe, lakini ukanikwama.

“Nyumba ile haili nyama mpaka siku kumi na sita zipite,” nikamwambia. “Wako uani.”

“Wazima?”

“Mmoja anatembea. Mwingine amekaa.”

Mkono wake ulisimama juu ya maji. Thandeka akasogea hatua moja ndani.

“Nani anawalisha?”

“Mtoto wa Uncle. Anawalisha mwenyewe. Aliyekaa anamsogezea maji mdomoni.”

MaKhumalo alimtazama kifaranga kiganjani mwake kwa muda. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na mwanzoni nilidhani analia.

“Eish, baba,” akasema. “Mtu amefiwa, na mimi nikampelekea kazi.”

“Ulimpelekea.”

Akacheka mpaka barakoa ikamshuka kidevuni, Thandeka naye akacheka, na Déo, ambaye Kizulu chake ni cha kununulia mkate tu, akacheka kwa kutuona sisi. Halafu MaKhumalo akaipandisha barakoa, akamwachia kifaranga yule kwenye maranda, akamchukua mwingine na kumchovya mdomo.